Jangwani na kurudi siku hiyohiyo: mwongozo wa safari ya mchanga wa Sharqiya ukitokea Maskati

Safari ya jangwani ya siku moja ukitokea Maskati hupangwa kinyumenyume. Unaanza na saa ya jua kuzama, halafu unahesabu kurudi nyuma mpaka saa ya kufunga mlango wa nyumba. Wengi hutoka tu wakishaamka na kunywa chai. Wanafika Bidiyah, wilaya iliyo ukingoni mwa mchanga, saa saba mchana jua likiwa utosini, wanazungushwa mchangani saa nzima huku nyayo zikiungua, wanapiga picha ambazo matuta yote yanaonekana bapa kwa kukosa kivuli, na ikifika saa kumi wanageuza gari kurudi mjini. Wanaondoka hasa wakati mchanga unapoanza kuwa na sura.

Ninamwandikia Mswahili anayeishi Maskati au anayepita: mfanyakazi mwenye siku moja ya mapumziko, mgeni aliyekuja kwa ndugu zake, mfanyabiashara aliyemaliza shughuli zake Matrah na amebakiwa na siku kabla ya ndege. Jangwa lenyewe ni la Sharqiya, ambalo ramani nyingi bado zinaliita Wahiba kwa jina la kabila la Mabedui waishio humo. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 12,500, na kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 180. Kwa siku moja utauona ukingo wake wa kaskazini tu. Unatosha kabisa, kwa sababu matuta marefu kuliko yote yako upande huo.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo moja la kulijua juu ya mchanga huu, kwa kuwa litakusaidia njia nzima. Matuta haya yamejengwa na kusi. Upepo uleule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Unguja kurudi Bara Arabu umekuwa ukipuliza juu ya nchi hii kwa maelfu ya miaka, ukiurundika mchanga katika migongo mirefu iliyolala kusini kwa kaskazini, mingine ikikaribia urefu wa mita 100. Kati ya mgongo na mgongo kuna bonde pana lenye ardhi ngumu kidogo, vichaka na miti ya ghaf. Kwa hiyo kwenda kusini au kaskazini kwa kufuata bonde ni rahisi, lakini kukata matuta kwenda mashariki au magharibi ni kazi ya dereva mzoefu. Tena ukiwa bondeni, kaskazini ndiko kwenye miji na lami. Liweke kichwani hilo hata kama utaendeshwa na mtu mwingine.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua siku

Msimu ni kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Machi. Kati ya Mei na Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na Juni na Julai hufika 45 na zaidi, na mchanga wenyewe huwa moto kuliko hewa. Kuna watakaokuuzia safari wakati huo kwa bei ya chini. Usiikubali ukiwa na watoto au wazee, hata kama gari lina kiyoyozi kizuri namna gani. Desemba na Januari ni kinyume chake: mchana ni mzuri, lakini jua likishazama baridi huingia haraka, na mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam au Mombasa atatetemeka akiwa na fulana peke yake.

Angalia utabiri wa mvua pia. Mvua ya Oman huja mara chache lakini ikija huja na mafuriko, na barabara za huku zinakata mabonde ya mito mikavu, yaitwayo wadi. Ukikuta maji yanapita barabarani, simama. Kuvuka wadi iliyojaa ni kosa la kisheria Oman, na kila msimu wa mvua kuna magari yanayosombwa na maji ambayo dereva aliyaona ni ya kifundo cha mguu tu.

Siku bora ya wiki, kwa maoni yangu, ni Jumatano, kwa sababu asubuhi yake Ibra kuna soko la wanawake nitakalolieleza mbele. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko Oman: mchangani kunakuwa na magari mengi ya vijana yanayorukaruka juu ya matuta, na Ijumaa maduka hufungwa saa za sala. Kama huna siku nyingine, nenda Jumamosi.

Na kama unaweza kuchagua tarehe, tafuta ya 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo mwezi huchomoza mashariki karibu na saa ileile jua linapozama magharibi, na ukiwa juu ya tuta unaviona vyote viwili, huku na huku.

Hatua ya 2: Panga saa zako kutoka magharibi kurudi nyuma

Upande huu wa Oman jua huzama karibu saa 11:20 jioni mwishoni mwa Novemba, karibu saa 12 kamili katikati ya Februari, na saa 12 na robo katikati ya Machi. Tuchukue siku ya Januari ambayo linazama baada tu ya saa 11:30.

Unataka uwe umekaa juu ya tuta saa 10:45. Kupanda tuta kwa miguu huchukua robo saa au zaidi, na kabla ya hapo unataka muda wa kuzunguka bondeni, kuona ngamia, kunywa kahawa. Basi uingie mchangani saa 9:00 alasiri. Kabla ya kuingia kuna kazi ya matairi na mapatano, hivyo fika Bidiyah saa 8:15. Chakula cha mchana na sala kati ya saa 6:30 na saa 7:45. Ibra kuanzia saa 4:00 asubuhi. Kutoka Maskati hadi Ibra ni mwendo wa saa mbili hivi bila haraka. Ondoka nyumbani saa 1:30 asubuhi, ukitangulia kidogo kama unakaa Ruwi au Matrah, kwa kuwa foleni ya asubuhi ya kuvuka jiji inaweza kula nusu saa peke yake.

Ukiwa mtu wa kulala mpaka saa tatu, iache Ibra na uondoke saa nne. Bado utafika mchangani kwa wakati wake.

Hatua ya 3: Amua nani atakayekuingiza mchangani

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kukodi safari nzima kutoka Maskati: gari linakuchukua mlangoni na kukurudisha mlangoni. Ni ghali kuliko zote lakini inamfaa mwenye wazazi au mwenye siku moja tu nchini. Ya tatu ni kwenda na gari lako linalovuta magurudumu yote manne na kuendesha mwenyewe. Hiyo nimeiwekea hatua yake huko mbele.

Ninayoipendekeza ni ya pili. Nenda na gari dogo la kawaida, la kwako au la kukodi, mpaka mji wa Al Mintirib, ambao ndio makao ya wilaya ya Bidiyah. Liache hapo, umpate dereva wa Kibedui mwenye Land Cruiser wa kukuingiza mchangani kwa saa tatu au nne. Barabara yote mpaka hapo ni lami nzuri. Fedha yako inakwenda kwa mtu wa jangwa lenyewe, na mtu huyo amelijua bonde lile tangu akiwa mtoto. Kambi za watalii zilizo mchangani nazo huwapokea wageni wa mchana na huwatumia dereva wa kuwachukua kwenye kituo cha mafuta, mradi umepiga simu siku moja au mbili kabla.

Mapatano yafanyike kabla hujapanda, na yawe juu ya mambo manne. Bei ni ya gari zima au ya kila kichwa? Ni kwa saa ngapi? Mtabaki juu ya tuta mpaka jua lizame, au atataka kukurudisha saa kumi ili achukue wageni wengine? Na je, kumtembelea Bedui na kunywa kahawa kumo ndani ya bei hiyo? Swali la tatu ndilo la maana kuliko yote, na lisemwe waziwazi: magharibi tuwe juu ya tuta. Riali moja ina baisa 1,000, na ina thamani ya zaidi kidogo ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo usichukulie tofauti ya riali tano kama fedha ndogo.

Mwambie dereva mapema kama unataka kurushwa juu ya matuta au kuendeshwa taratibu. Madereva wengi hudhani kila mgeni amekuja kutafuta kelele na kichefuchefu. Ukisema “shwaya shwaya” atakuelewa. Mjamzito, mwenye matatizo ya mgongo, shingo au moyo, na mtoto mdogo wasirushwe kabisa. Wapitishwe bondeni, na hawatakosa kitu. Zile pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa ukingoni mwa mchanga sizipendi kwa watoto, maana tuta linaweza kuwa na upande wa pili uliokatika ghafla na anayeendesha asiuone mpaka awe hewani.

Hatua ya 4: Funga mzigo

Maji kwanza. Lita nne kwa kila mtu kwa siku, na katoni ya akiba ndani ya gari. Usitegemee kununua huko ndani.

Kanga mbili au kikoi. Hakuna kitu kinachofanya kazi nyingi mchangani kuliko kanga: utajifunika uso upepo ukivuma, utaikalia, utaswalia, utamfunika mtoto jua likiwa kali na tena baridi ikiingia. Wageni wengine hununua vilemba vya bei dukani. Sisi tunavyo tayari kabatini.

Nguo ziwe ndefu, nyepesi, za kufunika mabega na magoti. Ni kinga ya jua na ni adabu vilevile, kwani utapita miji yenye watu wa heshima zao. Kwa miguu, viatu vya kufunika vya kuvaa ukiwa bondeni kwenye vichaka na jioni giza likiingia, kwa sababu ya nge. Juu ya tuta utavivua mwenyewe. Sweta moja kila mtu. Tochi. Chaji ya akiba ya simu. Mfuko wa plastiki wa kufungia simu na kamera, kwa kuwa mchanga wa huku ni laini mno na huingia kila tundu. Kitambulisho cha ukaazi au pasipoti. Na mfuko mtupu wa taka, maana kila ulichoingia nacho utatoka nacho. Ngamia hula mifuko ya plastiki na hufa kwayo.

Chakula cha njiani kiwe kikavu: maandazi, kachori, tende, machungwa. Ukila pilau zito saa nane halafu ukarushwa juu ya matuta saa tisa, utajuta.

Hatua ya 5: Barabarani, na kituo cha Ibra

Toka jijini kwa barabara ya Nizwa, na ukifika Bidbid fuata vibao vya Sur na Sharqiya. Hiyo ni barabara namba 23, njia mbili kila upande, inapita katikati ya milima ya Hajar ya mashariki yenye mawe ya rangi ya chuma. Jumla hadi Bidiyah ni kilomita 200 na ushei. Kamera za mwendo ni nyingi, na faini humfuata mwenye gari hata kama ni la kukodi.

Kwa Mswahili, Ibra si kituo cha kujisaidia na kununua soda tu. Mji huu na jirani zake kama Al Mudhairib ndiko zilikotoka koo nyingi zilizovuka bahari kwenda Unguja na bara, zikiwamo za Al Harthy na Al Barwani, majina ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mali iliyopatikana Afrika Mashariki ilirudi huku ikajenga nyumba. Tembea kidogo katika mtaa wa kale wa Al Minzafah: kuta za ghorofa zilizobomoka nusu, matao, madirisha yanayotazama mashamba ya mitende. Halafu geukia Al Mudhairib, ukaangalie milango ya mbao iliyochongwa na minara ya ulinzi iliyokaa juu ya vilima kuuzunguka mji. Baadhi ya wajukuu wa waliohama walirudi baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970 Sultani Qaboos alipoingia madarakani. Ukimwamkia mzee wa huku kwa shikamoo, usishangae ukiitikiwa marahaba, na ukiulizwa wewe ni wa wapi, na mama yako ni wa wapi, usiwe na haraka ya kuondoka. Chukua muda. Hata kama itabidi uache kitu kingine katika ratiba, usiache hiki.

Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake. Wanaume hawaingii. Kina mama watakuta vitambaa, udi, wanja, hina, manukato, fedha na dhahabu, na watapatana bei kwa namna wanayoijua. Kamera ibaki mkobani. Wanaume wakati huo waende soko la kawaida, wakawatazame mafundi wa fedha wanaotengeneza majambia. Soko linapungua ikikaribia adhuhuri, hivyo usilifanye la mwisho.

Wengine watakushauri uunganishe na Wadi Bani Khalid, yenye mabwawa ya maji ya kijani katikati ya miamba, kama robo tatu ya saa kutoka Bidiyah. Ni pazuri kweli, na ukiwa na watoto pengine watapapenda kuliko mchanga. Lakini Ibra, Wadi Bani Khalid na jangwa kwa siku moja haviwezekani bila kukimbizana. Chagua kimoja kati ya viwili vya kwanza. Ukichagua maji, beba nguo za kuogelea zenye stara.

Hatua ya 6: Mchana pumzika

Kati ya saa sita na saa nane usifanye lolote la maana. Kula wali na samaki au mishikaki katika mgahawa wa Ibra au Al Mintirib, jinyooshe. Mwislamu yumo safarini, anaweza kupunguza na kukusanya adhuhuri na alasiri, na itampa nafasi ya kuwa mchangani mpaka magharibi bila wasiwasi. Jaza mafuta hapa hata kama geji inaonyesha nusu. Nenda msalani. Mtumie mtu mmoja aliyebaki mjini ujumbe: tunaingia kutoka Al Mintirib saa tisa, na mnara wa simu ukipatikana tutakupigia saa moja usiku, tusipopiga mpaka saa tatu, tutafute.

Asiyetaka kulipia Land Cruiser kabisa asikate tamaa. Karibu na Al Mintirib kuna kijiji cha Al Hawiyah, ambako mitende na mchanga vinapakana, tuta limesimama nyuma ya mashamba. Unaegesha gari dogo kwenye lami na kupanda kwa miguu. Hutalifikia bonde lenye Mabedui, lakini jua utaliona likizama.

Hatua ya 7: Kwa anayeendesha mwenyewe

Ukiwa na dereva, ruka hatua hii, ingawa kuisoma kutakufanya ujue kama dereva wako anaijua kazi.

Magari yawe mawili, kila moja likivuta magurudumu manne. Gari moja pekee mchangani ni hatari hata likiwa jipya. Kama ni la kukodi, soma mkataba: bima nyingi za magari ya kukodi hazigusi kabisa uharibifu wa nje ya barabara, na gari linaweza kuwa na nguvu zote huku karatasi ikikukataza kuingia mchangani.

Kazi kubwa ni kupunguza upepo. Tairi la barabarani lina upepo wa psi 33 hadi 36 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji), gumu, na mchangani linachimba. Lililolegezwa hutanuka chini kama unyayo wa ngamia, uzito ukagawanyika, likapita juu badala ya kuzama. Simama kwenye ardhi ngumu kabla ya mchanga laini. Fungua kifuniko cha valvu, bonyeza ile pini ya katikati kwa ncha ya ufunguo au kijiti, upepo utatoka kwa mluzi mkali. Hesabu, acha, pima kwa geji, endelea. Shuka mpaka psi 15 hadi 18. Ukitazama tairi kwa upande utaona ubavu umejikunja chini karibu na ardhi, ndivyo inavyotakiwa. Matairi yote manne yawe sawa. Pale ukingoni mwa mji kuna mafundi wa tairi wanaoifanya kazi hii kutwa nzima, na watakujazia tena ukitoka, basi kama huna geji waendee.

Kisha washa magurudumu manne, na uzime ule mfumo wa gari unaokata nguvu ya injini tairi likianza kuteleza, maana mchangani unakunyima nguvu pale hasa unapoihitaji. Endesha kwa mwendo usiobadilikabadilika. Fuata njia za magari yaliyotangulia bondeni. Kona ipige kwa upana, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata usukani ghafla. Ukitaka kusimama, toa mguu kwenye mafuta gari lisimame lenyewe, tena pua ikitazama chini ya mteremko ili kuondoka kuwe rahisi. Breki zinarundika mchanga mbele ya matairi.

Ukipanda tuta ukaona gari linaishiwa nguvu kabla ya kilele, usigeuze. Narudia: usigeuze gari ubavuni mwa tuta, ndipo magari yanapobingirika. Weka gia ya kurudi nyuma na ushuke kwa mstari uleule uliopandia, usukani umenyooka.

Ukikwama, kitu cha kwanza ni kuacha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa tairi linaloteleza unalizika gari zaidi. Wote washuke. Toa mchanga mbele na nyuma ya kila tairi kwa koleo au mikono, na chini ya tumbo la gari kama limekalia. Punguza upepo tena mpaka psi 12. Jaribu kurudi nyuma kwanza, kwa kuwa nyuma kuna njia uliyokwisha kuishindilia. Mara nyingi hapo gari hutoka. Lisipotoka, lile la pili livute kwa kamba, watu wakae mbali kabisa na kamba hiyo.

Ukipotea au gari likafa, kaeni na gari. Gari linaonekana kwa mbali kuliko mtu, na lina kivuli. Mabondeni simu hupoteza mtandao; mmoja apande juu ya tuta lililo karibu, akiwa anaonekana na wenzake, apige 9999, namba ya dharura ya polisi ya Oman.

Hatua ya 8: Bondeni na juu ya tuta

Saa ya kwanza ndani, itumie bondeni. Mwombe dereva asimame, azime injini. Angalia chini kwanza kabla ya kuangalia mbali: juu ya mchanga uliolainishwa na upepo utaona nyayo za mende wa jangwani, mistari miwili ya nukta ndogondogo inayopanda na kukata kona, na mahali pengine alama ya mjusi aliyeburuza mkia. Wachunguzi wa Royal Geographical Society ya Uingereza walikaa katika jangwa hili katikati ya miaka ya 1980 na kuorodhesha aina za mimea zipatazo 150. Wengi hupita hapa wakidhani hakuna kitu. Umande unaotoka upande wa bahari ndio unaosaidia kuiweka hai mimea hiyo, na ghaf huteremsha mizizi yake chini sana kutafuta maji. Usivunje matawi ya ghaf kuwashia moto. Mti huo ni kivuli na malisho ya watu wenye mifugo.

Ukipelekwa kwa familia ya Kibedui, vua viatu ukingoni mwa mkeka, salimia, kaa. Tende au halua hutangulia, kahawa hufuata. Ni halua ileile tunayoijua Unguja, nyeusi, yenye iliki na zafarani. Pokea finjani kwa mkono wa kulia. Utamiminiwa kidogokidogo, na utaongezwa kila unapomaliza. Ukitosheka tikisa finjani kushoto na kulia mara mbili tatu, ndipo umrudishie. Kina mama wa hapa huvaa barakoa za kitambaa usoni. Usiwapige picha bila ruhusa, na ukikataliwa usilazimishe kwa mzaha. Wakiwa na vitu walivyofuma kwa sufu, na umependa, nunua hapa badala ya dukani Matrah. Ngamia usimkaribie kama ana mtoto.

Saa 10:30 anza kupanda. Usipande usoni mwa tuta ambapo mchanga unaporomoka. Kila hatua mbili utarudi moja. Tafuta mahali mgongo unaposhuka mpaka chini, uufuate huohuo kama njia. Upande uliopigwa na upepo ni mgumu kidogo, na mguu hauzami zaidi ya kifundo. Wazee wapande robo tu, mandhari huanza mapema.

Juu, kaa ukitazama mashariki kwanza. Kila mtu hutazama jua, lakini mabadiliko yako upande wa pili: vivuli vya migongo vinarefuka vikajaza mabonde moja baada ya jingine, na vilele vinabaki na rangi ya machungwa wakati chini kumeshakuwa buluu.

Hatua ya 9: Kutoka na kurudi

Jua likishagusa ardhi na kutoweka una kama dakika 25 za mwanga wa kutosha. Swalini magharibi juu kama mmechukua udhu, kisha shukeni. Dereva mzoefu anaweza kutoka gizani, lakini anayeendesha mwenyewe awe amefika ardhi ngumu kabla mwanga haujaisha, kwa kuwa taa za gari hazionyeshi tuta linakatikia wapi.

Rudi kwa fundi wa tairi, jaza upepo mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usiendeshe lami na matairi laini zaidi ya mwendo wa polepole wa kufika kwa fundi: yanapata moto na kupasuka. Kunywa chai ya maziwa, nyoosha miguu, na kama dereva wenu ana usingizi badilishaneni hapohapo. Kilomita za kwanza baada ya Bidiyah ndizo za kuangalia sana, kwani ngamia huvuka barabara usiku na rangi yao haionekani mpaka wawe mbele ya taa. Ukipunguza mwendo hapo mpaka 80, utakuwa Maskati kati ya saa tatu na saa nne usiku.

Kesho yake, kabla ya kurudisha gari la kukodi, lioshe chini kwa maji ya presha, kung’uta mikeka, na mwombe fundi aangalie chujio la hewa. Likijaa mchanga, injini inakosa pumzi na hula mafuta, na kampuni ya kukodisha hutambua mara moja gari lilikokuwa.